Urefu wa Mtutu wa Bunduki ya Marisau

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Kaloleni, Makongeni na Bahati, wako wazee waliokulia mashambani ambao huwasimulia vijana habari za kuwinda kanga na kwale. Mara nyingi mabishano huzuka: ipi iliyo bora, bunduki yenye mtutu mrefu au yenye mtutu mfupi? Wengi hushikilia kwamba mrefu ndio wenye nguvu. Yafaa jambo hili lielezwe.

Imani hiyo ina asili yake katika gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomo. Baruti nyeusi ilihitaji mtutu mrefu ili ipate nafasi ya kusukuma. Lakini baruti ya siku hizi huungua karibu yote katika inchi 20 za kwanza. Kila inchi inayozidi hapo huongeza mwendo wa marisau kwa futi chache tu kwa sekunde, hali mwendo wenyewe ni kama futi 1,200. Tofauti hiyo haimwokoi kanga wala haimwui.

Wengine hudhani kuwa mtutu mrefu huyakusanya marisau. Sivyo. Kazi hiyo hufanywa na mbano ulio mdomoni mwa mtutu. Mtutu usiobanwa, kwa umbali wa yadi 40, hutia marisau kama 40 katika kila 100 ndani ya duara yenye upana wa inchi 30. Mtutu uliobanwa sana hutia kama 70.

Basi urefu una faida gani? Faida yake ni katika mikono na macho ya mwindaji. Mtutu wa inchi 26 ni mwepesi kugeuza, nao wafaa vichakani, ambako kwale huruka ghafula. Mtutu wa inchi 30 huenda kwa utulivu, nao wafaa kwa bata warukao mbali juu ya maji. Anayetaka bunduki moja kwa kazi zote hufanya vyema kuchagua inchi 28, na mbano wa kadiri. Hata hivyo, Robert Churchill, fundi mashuhuri wa bunduki wa London, alisifu mitutu ya inchi 25 tangu miaka ya 1920, na wengi walilenga vizuri kwayo. La kwanza ni bunduki kumkaa mtu begani sawasawa.

Kuukata mtutu kwa msumeno ni kosa kubwa. Mbano huondoka, marisau hutawanyika, na ndege hujeruhiwa akaenda kufa kwa mateso. Tena bunduki ifichikayo ndani ya koti ni chombo cha mnyang'anyi, si cha mwindaji.

Mwisho, sheria ikumbukwe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na hakuna ruhusa ya kuwa na bunduki bila cheti. Tanzania huruhusu uwindaji, lakini kwa leseni. Marisau madogo huweza kufika zaidi ya yadi 200. Katika mitaa ambayo nyumba zimekaribiana, umbali huo hupita milango mingi yenye watoto. Mwenye busara hujua kwanza marisau yake yataangukia wapi, ndipo aulize urefu wa mtutu.