Kupima Kasi ya Intaneti: Somo la Hisabati na Uandishi wa Barua

Utangulizi

Filamu zipatikanazo katika intaneti zimekuwa zana muhimu ya kufundishia. Hata hivyo, zana hii ina kero ijulikanayo na wengi: filamu huanza vizuri, kisha hukwama katikati ya kipindi, na darasa zima likabaki kutazama kiduara kinachozunguka. Chuoni kwetu jambo hili limetokea mara nyingi, na kila tulipoipigia simu kampuni inayotuuzia huduma tulijibiwa kwamba mtandao wake ni mzima. Manung'uniko yasiyo na kipimo hujibiwa kwa urahisi. Katika makala haya tunaeleza jinsi kero hiyo inavyoweza kufanywa somo.

Shabaha

Mwishoni mwa somo wanachuo waweze kupima kasi ya mtandao, kufafanua matokeo, na kuandika barua ya malalamiko yenye hoja.

Hatua ya kwanza: Vipimo

Mwalimu hana budi kuanza na tofauti ya biti na baiti, kwani baiti moja ni biti 8. Makampuni hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali ukubwa wa faili huonyeshwa kwa megabaiti. Kwa hiyo faili la megabaiti 450 ni megabiti 3,600. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde litapokelewa kwa sekunde 360, yaani dakika 6, wala si sekunde 45 kama wengi watakavyodhani.

Hatua ya pili: Kupima

Wanachuo wapime mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, na vifaa vingine vizimwe. Ikiwa kasi ni nzuri kwa waya lakini ni mbaya darasani bila waya, basi kasoro imo chuoni, na haifai kulaumu kampuni.

Hatua ya tatu: Kufafanua matokeo

Tuchukue mfano wa mkataba unaosema "hadi megabiti 20 kwa sekunde". Matokeo ya siku moja ni haya:

Saa 1 asubuhi: megabiti 18
Saa 4 asubuhi: megabiti 3
Saa 12 jioni: megabiti 9

Wastani ni megabiti 10. Filamu ihitajiyo megabiti 5 kwa sekunde ingeonekana kutoshelezwa. Lakini kipindi chetu ni cha saa 4! Filamu hiyo ya dakika 10 ina megabiti 3,000. Kwa kasi ya megabiti 3 itapokelewa kwa sekunde 1,000 badala ya 600. Sekunde 400 zitapotea katika kungoja, nayo ni sehemu moja ya sita ya kipindi cha dakika 40. Hapa wanachuo watajionea kwamba wastani unaweza kuficha ukweli. Vilevile wajadili neno "hadi": linataja kikomo cha juu, bali halitoi ahadi ya kiwango cha chini.

Hatua ya nne: Barua

Barua itaje namba ya mkataba, tarehe na saa za vipimo, jinsi vilivyofanywa, hasara iliyopatikana, na ombi moja lililo wazi pamoja na muda wa kujibiwa. Matusi na maneno ya jumla kama "mtandao wenu ni mbovu siku zote" yaepukwe. Kampuni isiporidhisha, hapa Tanzania mteja anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano, akiambatisha nakala ya barua hiyo.

Haki nayo ifundishwe. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, zipitazo chini ya bahari, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku za namna hiyo zitengwe katika jedwali.

Tathmini

Wanachuo wabadilishane barua, kila mmoja akijifanya mhudumu wa kampuni na kutafuta njia ya kuikwepa. Barua isiyokwepeka ndiyo iliyofaulu. Mwalimu aliyezoezwa hivyo hatanyamazishwa kwa jibu jepesi, nao wanafunzi wake watajifunza kudai haki yao kwa hesabu na kwa lugha ya heshima.