Kufundisha Miamba Mahali Pasipo na Mawe

Mwalimu wa Jiografia huko Ifakara huweza kudhani kwamba hana vifaa vya kufundishia miamba, kwa kuwa uwanda wa Kilombero ni udongo wa mashamba ya mpunga. Matokeo yake, wanafunzi hukaririshwa majina matatu: mwamba moto, mwamba tabaka na mwamba geu. Hujibu vema katika mtihani, lakini hubaki wakiamini kwamba jiwe halibadiliki kamwe. Tunapendekeza somo lianzie kwenye udongo huohuo.

Hatua ya kwanza. Mwalimu achote mwenyewe mchanga na tope la mto, maana mitoni huwa na mamba. Kila kikundi kitie mchanganyiko huo na maji katika chupa angavu, kitikise, kisha kiiache mpaka kesho yake. Mchanga utatua chini, na tope laini juu yake. Ndivyo ifanyavyo mito iteremkayo kutoka milima ya Udzungwa: huimomonyoa miamba na kuitandaza uwandani. Bonde hili lilididimia kwa mipasuko ya ardhi, nayo mashapo yakalijaza. Mashapo yakifukiwa na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka, huwa mwamba tabaka.

Hatua ya pili. Tofali bichi na tofali la kuchoma yatumbukizwe majini. La kwanza litarudi kuwa tope. La pili halitarudi, kwani joto limeligeuza. Hata hivyo, wanafunzi waelezwe kwamba tanuri lina joto tu, ambapo chini ya ardhi kuna pia mgandamizo mkubwa mno. Kwa namna hiyo mawe ya chokaa yaligeuka marumaru huko Mahenge, ng'ambo ya mto, ambako huchimbwa rubi na spineli. Naisi ya Udzungwa nayo ni mwamba geu.

Hatua ya tatu. Joto likizidi zaidi, mwamba huyeyuka. Ukipoa, huwa mwamba moto. Hapa mwalimu atumie picha za Mlima Rungwe au Kilimanjaro, milima iliyojengwa na volkano.

Mwishoni, kila mwanafunzi asimulie safari ya chembe moja ya mchanga, tangu ilipokuwa mlimani hadi itakapokuwa jiwe tena. Atakayeifikisha shambani na kukomea hapo, mwalimu amrudishe kwenye chupa, maana bado hajaelewa.