MSHIPA HAUPIGI, LAKINI MTU NI MZIMA
Somo juu ya pompi ya moyo

Ndugu mtumishi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Wengi wenu mmejifunza misaada ya kwanza. Mtu akianguka, mkono unakwenda mara moja shingoni mwake kutafuta mapigo ya mshipa. Lakini leo tunataka kukuonya: kuna watu ambao mshipa wao haupigi, au unapiga kidogo hata kidole hakisikii, na hata hivyo wanatembea, wanakula na kucheka na watoto wao. Ukimkuta mmoja wao ameanguka, ukagusa mshipa tu na kusema « amekwisha kufa », unaweza kumwacha afe mtu ambaye angepona.

Watu hao ni wagonjwa waliotiwa pompi kifuani.

POMPI HIYO NI NINI?

Mtu wa mgodi hana haja ya kufundishwa kazi ya pompi. Watu wa Kipushi wanajua namna maji yalivyopanda mgodini mwaka 2011, pompi ziliposhindwa kuyavuta. Mwili nao ni vile vile. Moyo ukichoka, damu haifiki vizuri katika ubongo na mafigo, na maji yanajaa katika mapafu na miguu.

Katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, waganga wanaweza kumpasua mgonjwa wa namna hiyo na kumtilia pompi ndogo. Moja inayotumiwa sana siku hizi inaitwa HeartMate 3. Marekani iliipa ruhusa mwaka 2017. Ina uzito wa gramu 200 hivi. Inavuta damu katika chumba cha kushoto cha moyo na kuisukuma katika mshipa mkubwa. Ndani yake kuna gurudumu linalozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika.

Moyo wa kuzaliwa unasukuma, unalegea, unasukuma tena. Ndiyo maana mshipa unapiga. Gurudumu halilegei hivyo. Damu inapita mfululizo kama maji katika bomba, na kidole hakikuti mapigo.

Waya moja inatoka kwa ngozi ya tumbo mpaka kisanduku kidogo kinachofungwa mkandani. Kisanduku hicho kinaongoza pompi, nacho kinapata nguvu kwa batri mbili. Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alitiwa pompi ya namna hiyo mwaka 2010. Ilimshika mpaka mwaka 2012, alipopewa moyo wa mtu mwingine, naye akaishi hata mwaka 2025.

INATUHUSU NINI SISI?

Ndugu zetu wengi wanakaa Ubelgiji, Ufaransa na kwingineko. Wanarudi kutuona wakati wa ndoa na wakati wa kilio. Tuseme shemeji yako amekuja, naye ana pompi. Mchana mmoja anaanguka mbele ya mlango. Utafanya nini?

1. Mwite kwa jina, mguse bega. Tazama kama anapumua vizuri. Tuma mtu apige simu kwa hospitali mara moja.

2. Usiamini mshipa. Tazama midomo, viganja na kucha. Bonyeza ukucha, uache: rangi ikirudi kwa sekunde mbili, damu inatembea. Midomo ikiwa imepauka na mwili baridi, damu haifiki. Kipimo cha kawaida cha presha nacho mara nyingi kinashindwa kwa mgonjwa huyu, usitegemee.

3. Weka sikio juu ya kifua chake, upande wa kushoto. Pompi inayofanya kazi inavuma kama masini ndogo. Kukiwa kimya, pengine imesimama.

4. Tazama kisanduku. Kinalia? Kinaonyesha taa nyekundu? Fuata waya zote kwa mkono. Iliyochomoka, irudishe. Batri zikiwa zimekwisha, weka zingine, MOJA KWA MOJA. Usitoe zote mbili kwa wakati mmoja kamwe!

5. Akiwa hajibu, hapumui vizuri, na pompi haikurudi kuvuma, kandamiza kifua mara moja: katikati, kwa nguvu, kina cha sentimeta 5 au 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Zamani waganga waliogopa kwamba kukandamiza kutang'oa pompi. Leo wanafundisha kwamba mtu asiyepata damu asiachwe hivi hivi kwa ajili ya hofu hiyo. Usipoteze dakika katika kutafuta waya. Kama mko wawili, mmoja akandamize, mwingine atengeneze kisanduku.

6. Soma karata anayobeba. Ina namba ya simu ya hospitali iliyomtilia pompi. Pigeni, hata kama ni usiku. Mtu akipelekwa hospitali, batri za akiba na kisanduku cha akiba viende pamoja naye, na yule wa jamaa aliyefundishwa kuvitumia.

ANGALISHO

Ukikata nguo zake kwa makasi, tazama kwanza waya inapopita. Kuikata ni kusimamisha pompi. Usiivute wakati wa kumbeba. Asiingizwe katika masini ya kupiga picha kwa nguvu ya sumaku. Tena, mgonjwa huyu anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande: akipiga kichwa chini, au akitokwa na damu puani au katika choo, ni jambo la kumwona mganga siku ile ile. Kuhara, kutapika na jua kali vinapunguza maji mwilini, na pompi inakosa damu ya kuvuta.

KWA MAMA WA NYUMBA

Mgeni wa namna hii hawezi kulala bila kujua habari ya umeme. Batri mbili mpya zilizojaa zinaweza kufika masaa 17, lakini zikizeeka zinapungua. Umeme ukiwapo, zijazwe zote. Kabla ya safari, jamaa waulize kama kuna jeneretа karibu na hospitali iko mbali gani. Na mgeni aonyeshe watu wawili wa nyumba namna ya kubadili batri, siku ile ya kwanza, kabla ya kula.

MAULIZO YA KUJIBU NYUMBANI

Kwa nini mshipa wa mgonjwa huyu haupigi? Utajuaje kama pompi inafanya kazi? Batri zinabadilishwa namna gani? Wakati gani inapashwa kukandamiza kifua?

Waulize watoto wakubwa pia. Siku ya ajali, pengine wewe uko kazini chini ya mgodi, na mtoto wa miaka kumi na minne ndiye aliye karibu.