Rafiki Yako Akikuandika: Namna ya Kujisoma Kitabuni

Ukisikia rafiki yako wa zamani ametoa kitabu cha maisha yake, na watu wamekwishaanza kukuambia "na wewe umo", chukua kwanza daftari. Kabla hujafungua ukurasa wa mwanzo, andika unavyoyakumbuka mwenyewe: mlijuana wapi, mkiitana vipi, mliachana lini na kwa sababu gani. Ukishasoma ya mwenzako, kumbukumbu zako huanza kuyafuata maandishi yake, na haupiti muda hujui tena lipi uliliona kwa macho yako na lipi umelisoma.

Mimi nilianza hivyo, na daftari lile limenifaa sana. Shoga yangu, niliyekua naye Mji Mkongwe, tukasoma chuo kimoja na skuli moja, anaishi Maskati tangu miaka ya themanini. Kitabu chake alikichapisha kwa pesa zake, kikaingia Unguja ndani ya masanduku ya jamaa, kikapita mkono kwa mkono kutoka Malindi hadi Kikwajuni. Kiliponifikia, kurasa zinazonitaja zilikuwa zimekwishakunjwa pembe.

Hapo ndipo penye mtihani. Usianzie palipokunjwa. Anza mwanzo, soma kama unamsoma mtu usiyemjua. Nilisoma utoto wake, nikasoma kifo cha baba yake, ambacho kilitokea nikiwepo lakini sikujua kilimkata kiasi gani, nikasoma miaka yake ya mwanzo ugenini, ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyezungumza naye Kiswahili mchana kutwa. Nilipofika kwenye sura yangu nilikuwa najua anaandika akiwa na donda gani.

Kuna ukurasa mmoja mzuri mno. Ameniandika nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu nashona kofia ya viua, uzi nimeubana kwa meno, natoa tundu moja baada ya jingine huku namsikiliza bila kuinua macho. Sikuwahi kujua kama kuna mtu aliyekuwa akiitazama mikono yangu. Kurasa chache mbele ameandika kwamba siku aliyosafiri walikuja wote bandarini kumuaga isipokuwa mimi, na kwamba nilikuwa namwonea gere kwa kuolewa mbali. Alisimama juu ya meli akilitazama lango mpaka kamba zikafunguliwa.

Iliniuma sana. Siku ile mama yangu alikuwa amelazwa tangu alfajiri, nami niko naye hospitali. Nilimtuma mtoto wa jirani akampe salamu zangu.

Ukifika pahala kama hapo, tenga tukio na tafsiri yake. Tukio: sikwenda bandarini. Hilo ni kweli, na ana haki ya kuliandika. Gere ni tafsiri yake, na hapo ndipo penye mazungumzo. Wengi wetu huchanganya haya mawili, tukamwita mwenzetu mwongo ilhali aliyoyaona ameyasema kama alivyoyaona.

Kisha pima yanayopimika. Yeye ameandika kuwa aliondoka mwezi wa Ramadhani, wiki ile ile aliyojiuzulu Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe. Jumbe alijiuzulu Januari 1984, na Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwanzoni mwa Juni. Haviwezi kuwa wiki moja. Daftari langu linasema kipupwe kilikuwa kimeanza, kwa hiyo Ramadhani ndiyo sahihi. Sikumlaumu. Akili ya mtu huyakusanya mambo mazito ikayaweka siku moja. Wewe tumia kalenda ya Hijria, magazeti ya zamani, Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na usisahau migongo ya picha, ambako wazee wetu walikuwa wakiandika tarehe kwa mkono.

Baada ya hapo mtafute shahidi, na umwendee kwa adabu bila kumlisha maneno. Nilikwenda kwa bibi aliyetusomesha chuoni.

"Shikamoo, Bimkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Sikumtajia kitabu. Nilimuuliza tu kama anaikumbuka siku aliyosafiri shoga yangu. "Nnaikumbuka," akasema. "Alilia sana. Kila saa akiuliza kama hujaja, na sisi tukimwambia utatokea." Hapo ndipo nilipojua kuwa salamu zangu hazikufika.

Usikimbilie kujibu hadharani, iwe kwenye kikundi cha WhatsApp au barazani. Neno likitoka Jaws Corner asubuhi, jioni liko Michenzani, na likifika huko si lako tena. Mpigie mwenyewe.

Nina sababu ya kusisitiza hili: si kila aliyeandikwa hupata nafasi ya kujibu. Mwaka 1886 Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani, kwa Kijerumani. Ndani yake yumo dada yake Khole aliyempenda kupita kiasi, ndiye aliyemvuta kwenye njama za mwaka 1859 za kumwondoa kaka yao Sultani Majid na kumweka kaka yao mwengine Barghash, Salme akiwa mwandishi wa barua zao. Khole alifariki mwaka 1875. Hakuisoma sura yake, na hatuna kitabu chake cha kulinganisha. Kila nikipita mbele ya kasri la Beit el-Sahel namfikiria yeye kuliko Salme.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikuwa na fursa ya kujibu, akaitumia. Alisafiri na mpelelezi wa Kizungu Stanley mwaka 1876 kutoka pande za Nyangwe, wakakutana tena hapa Unguja mwaka 1887 na kuandikiana mkataba wa msafara wa kumwokoa gavana Emin Pasha. Katika kitabu chake cha mwaka 1890 Stanley alimtuhumu kuwa amevunja ahadi ya kuleta wapagazi, na akamfungulia kesi. Tippu Tip alipostaafu Mji Mkongwe aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa Berlin kuanzia mwaka 1902. Humo anaeleza upande wake: baruti aliyoahidiwa haikuletwa, na baada ya safari ile ya 1876, badala ya zawadi kubwa aliyoitarajia, Stanley alimpelekea picha yake. Leo huwezi kumsoma mmoja bila mwengine. Lakini tusisahau kuwa watumwa na wapagazi waliobeba pembe za watu hao hawakuachiwa kalamu, na hadithi yao ndiyo nzito kuliko zote.

Kwa hiyo nilipiga simu Maskati. Nilianza na ukurasa wa kofia, kwa sababu ndio ulionigusa zaidi, kisha nikamuuliza.

"Shoga, mbona umesema nilikuonea gere?"

"Nilikungoja, hukuja."

"Mama alikuwa kalazwa. Nilimtuma mtoto."

Akanyamaza kidogo. "Mimi mtoto sikumwona. Wallahi sikuambiwa."

Tulilia sote wawili. Miaka yote ile yeye akinijua kwa habari pungufu, nami nikidhani anajua.

Jambo la kuomba si kufuta. Ukimwambia afute, unamnyang'anya ile saa aliyosimama melini. Omba aongeze. Toleo la pili likija, maneno yake yatabaki na yangu yatafuata chini yake, kwa jina langu. Kama mwenzako hataki, andika chako. Kipo kitabu cha mwaka 2009, alichokihariri G. Thomas Burgess, kimekusanya kumbukumbu za Ali Sultan Issa na za Seif Sharif Hamad ndani ya jalada moja, wanasiasa wawili wa visiwa hivi wasiokubaliana juu ya Mapinduzi ya 1964, na msomaji anaachiwa apime mwenyewe. Anza na siku moja tu. Kama mkono mzito, jirekodi kwenye simu, mjukuu atakuandikia.

Na kila unayemtaja, akiwa hai, mpelekee kurasa zake kabla hazijaenda kwa mchapishaji. Visiwa hivi ni vidogo, na tangu 1964 jina la mtu likiandikwa vibaya huwafuata watoto wake mpaka dukani na msikitini. Mimi, katika ninayoyaandika, kurasa zinazomtaja shoga yangu nimempelekea. Amezirudisha na alama za kalamu nyekundu, tarehe tumekubaliana, na suala la gere bado tunabishana kila Ijumaa akinipigia.