Basi Lisilotoa Moshi

Leo tujifunze juu ya mabasi yanayokwenda kwa umeme. Tuanze na kitu tunachokifahamu. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai, 2024. Wenzetu wa Igandu na Gulwe wanaiona ikipita. Haitoi moshi. Kwa nini?

Treni ya zamani inachoma dizeli ndani ya injini. Hii mpya haichomi kitu. Juu ya reli kuna waya, na kichwa cha treni kina mkono wa chuma unaogusa waya huo. Umeme unashuka, unazungusha mota, na mota inazungusha magurudumu. Wachungaji, sikieni: waya ule una volti 25,000. Umeme wa nyumbani ni volti 230 tu. Unaweza kumrukia mtu hata kabla hajaugusa. Usipande nguzo, wala usiinue fito ndefu karibu yake.

Basi nalo lina mota. Ila barabarani hakuna waya, basi linabeba umeme wake ndani ya betri kubwa. Ni kama simu ya mkononi: unaichaji, unaitumia, ikiisha unachaji tena. Nairobi mabasi ya namna hii yalianza kubeba abiria mwaka 2022.

Faida yake ni nini? Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa moshi wa dizeli unaleta saratani ya mapafu. Abiria anaupata kidogo, anashuka, anakwenda zake. Mama anayeuza chai stendi anauvuta kutwa nzima.

Mwingine atasema, "Mbona umeme nao unatengenezwa kwa moto?" Kweli, mwingine unatokana na gesi, na gesi ikichomwa inatoa hewa chafu. Lakini hewa hiyo inatoka kwenye mtambo, si puani mwa mama wa chai. Umeme wa maji hauchomi kitu. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina mitambo 9, na kila mmoja una nguvu ya megawati 235.

Shida zipo. Basi la umeme ni ghali kulinunua, na umeme ukikatika usiku, asubuhi basi halina nguvu. Pia haliendi mbali bila kuchaji. Kampuni ya BasiGo ya Nairobi ilisema basi lake la viti 25 linakwenda kama kilometa 250. Kwa safari za mjini zinatosha kabisa. Kwa safari zetu za wilayani, pigeni hesabu wenyewe.

Maswali

1. Mitambo yote 9 ya bwawa ina megawati ngapi?
2. Dodoma hadi Kondoa ni kama kilometa 160. Je, basi hilo litakwenda na kurudi bila kuchaji? Kama haliwezi, lichajiwe wapi?
3. Katika stendi yenu, ni nani anayevuta moshi mwingi zaidi?