SOMO LA KOMPYUTA: DISKI ISIYOONEKANA



Wengi wetu siku hizi hesabu za karafuu tumezitia katika kompyuta, na daftari liko juu ya kabati lala vumbi. Kwa hivyo somo hili latuhusu, ijapokuwa nimelipata mbali, mjini Musoma, Mkoa wa Mara. Mtoto wa ndugu yangu ni fundi wa kompyuta huko. Hupelekewa mashine kutoka Bunda na hata Butiama.

Siku moja nikiwa kwake aliletewa kompyuta ya chama cha wakulima wa pamba wa upande wa Bunda. Windows ilikuwa imeharibika. Fundi wa kwanza alijaribu kuitia upya, mashine ikasema haioni diski yo yote. Akawaambia diski imekufa, wanunue nyingine. Ndani yake mlikuwamo mizani ya msimu mzima: nani kaleta kilo ngapi, nani kalipwa, nani bado. Nakala hawana. Katibu wao alikaa kwenye benchi, hata chai hakuitaka.

Kijana hakugusa bisibisi. Alifungua kwanza ukurasa wa BIOS, ule utokeao kabla ya Windows kuamka, akaliona jina la diski limo. Lingekosekana hapo, basi kweli ingekuwa diski yenyewe au kiungio chake.

Sababu ni hii. Kati ya kompyuta na diski pana kidhibiti, mfano wa karani wa ghala. Karafuu zimo, lakini asiyejua lugha ya karani hapewi hata makonyo. Lugha hiyo ndiyo draiva. Kompyuta nyingi zenye Intel ya kizazi cha 11, iliyotoka mwaka 2020, na za baadaye, hupitisha diski katika kidhibiti kiitwacho VMD, na mara nyingi flashi ya kutilia Windows haina draiva yake.

Basi tafuta draiva ya Intel RST katika tovuti ya kiwanda cha kompyuta yako, kwa namba ya mashine. Ikija katika faili la .exe, lifumue kwanza, kwani litakiwalo ni faili la .inf. Wengi hukwama hapa! Tia folda yake kwenye flashi, bonyeza “Load driver”, uichague. Diski itatokea na sehemu zake zote. Hapo mkono utulie: “Delete” na “Format” usiziguse. Kijana alibonyeza Shift na F10 pamoja, kikatokea kidirisha cheusi cha amri, akanakili hesabu zote kwenye diski ya nje kabla ya kutia Windows. Diski iliyofungwa kwa BitLocker hudai kwanza ufunguo wa tarakimu 48.

Kisha kagua. Fungua “Device Manager”, tazama “Storage controllers”. Pembetatu ya manjano ni dalili kwamba draiva haikukaa.

Wapo wanaozima VMD katika BIOS. Kwa diski tupu yafaa; lakini Windows iliyotiwa VMD ikiwa imewashwa huenda isiamke tena.

Katibu, kabla ya kupanda basi la Bunda, alipita dukani akanunua flashi mbili.