Kuingia na Kutoka: Mfumo Endeshi wa Watumiaji Wengi Unaandika Nini?

Mtahiniwa, mada hii inaonekana nyepesi, na wengi hupoteza alama hapa. Kuandika kwamba “kompyuta huhifadhi kumbukumbu za watumiaji” hakutoshi. Eleza kinachoandikwa, kinaandikwa lini, na kinathibitisha nini.

Mfumo endeshi wa watumiaji wengi huruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja, mara nyingi kwa wakati mmoja, kila mtu na akaunti yake. Unix, ulioanza kutengenezwa Marekani mwaka 1969, ni mfano mashuhuri, na Linux imefuata mtindo wake.

Unapoandika jina la akaunti na neno la siri, mfumo huvilinganisha na vile ulivyohifadhi. Vikikubaliwa, katika Linux nyingi taarifa huandikwa sehemu mbili. Faili la utmp huonyesha waliomo ndani sasa hivi. Amri ya who husoma humo. Faili la wtmp ni historia: kila tukio huongezwa mwishoni, na amri ya last hulisoma kuanzia tukio la karibuni kurudi nyuma. Neno la siri likikataliwa, jaribio hilo huandikwa katika btmp. Katika Windows matukio haya hupewa namba: 4624 ni kuingia kulikofaulu, 4625 ni jaribio lililoshindwa, 4634 ni kikao kufungwa.

Sasa shika jambo hili vizuri. Kuingia na kutoka ni matukio mawili, yanayoandikwa kwa nyakati mbili. Muda uliokaa ndani haukuandikwa popote; amri ya last huupata kwa kutafuta tukio la kutoka linalolingana na lile la kuingia. Je, tukio la kutoka lisipokuwepo?

Chukua mfano wa maabara ya shule hapa Dodoma, yenye seva moja ya Linux isiyo na betri ya akiba. Akaunti d4-07 inaingia saa 07:58. Saa 09:10 umeme unakatika. Seva inazimika ghafla, haipati nafasi ya kuandika chochote. Umeme unarudi, seva inawashwa saa 11:30, na tukio la kuwashwa linaandikwa. Ukitoa amri ya last, utaona d4-07 iliingia 07:58, mahali pa saa ya kutoka pana neno crash, na muda ni 03:32. Saa tatu na dakika thelathini na mbili! Lakini mwenye akaunti hakuweza kufanya kazi zaidi ya saa 1 na dakika 12. Mfumo umehesabu mpaka seva ilipowashwa tena, kwa kuwa hiyo ndiyo alama pekee ulioipata.

Angalia na saa yenyewe. Unix huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa 9 usiku kwetu. Seva ikipangwa kuonyesha UTC, ile 07:58 itasomeka 04:58. Na ukiulizwa kwa saa za Kiswahili, 07:58 ni saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi, siyo saa saba.

Jingine ni kwamba kumbukumbu hutaja akaunti, haitaji mtu. Ukimpa rafiki neno lako la siri, au ukienda kula bila kutoka kwenye akaunti, atakachofanya kitabaki chini ya jina lako. Hili si la darasani tu. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi mahakamani, lakini uzito wake hupimwa: zilitunzwaje, na aliyezianzisha alitambuliwaje. Msimamizi wa seva mwenye mamlaka yote anaweza kulibadilisha faili la wtmp, ndiyo maana ofisi makini hutuma nakala kwenye seva nyingine mara tukio linapotokea.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini who na last zinaweza kutoa majina tofauti dakika ileile?

2. Faili la btmp linaonyesha majaribio 40 yaliyoshindwa ya akaunti moja ndani ya dakika mbili. Mara baada ya hapo, wtmp inaonyesha akaunti hiyo imeingia. (a) Eleza jambo linaloelekea kuwa limetokea. (b) Mwenye akaunti anasema alikuwa Kondoa siku hiyo. Taja taarifa mbili nyingine ambazo ungezitafuta kabla ya kumlaumu.